Kumbukumbu za wateja wa saluni

Kumbukumbu za wateja wa saluni ni taarifa ambazo msusi, kinyozi au fundi wa kucha huweka kuhusu watu anaowahudumia: majina, namba za simu, mitindo waliyosukwa, dawa ya nywele iliyotumika, bei waliyoelewana, deni lililobaki, siku ya kurudi kufumua, na picha za kichwa kilichokwisha. Katika maeneo ya Mbulu mkoani Manyara, kama Endagikot, na katika miji midogo mingi ya Tanzania, msusi aliyejiajiri kwa kawaida hana kompyuta ya kuhifadhia haya. Anayo kaunta buku mezani, simu mkononi, na mengine yamo kichwani mwake. Maswali mawili hujitokeza hapo na hayatengani: msusi na mwenye saluni wakiachana, kumbukumbu hizo ni za nani? Na mwanamke ambaye jina lake limeandikwa humo analindwa na nini?

Kiti cha kukodi

Kufanya kazi saluni kuna sura nyingi. Yuko anayekodi kiti, akamlipa mwenye chumba kwa wiki au kwa mwezi, na anachopata kingine ni chake. Yuko anayegawana na mwenye saluni malipo ya kila kichwa. Yuko anayepeleka hesabu jioni, na yuko wa mshahara. Mara nyingi makubaliano ni ya mdomo, tena kati ya watu wanaofahamiana: dada na mdogo wake, shangazi na mtoto wa kaka, mama mwenye fremu na binti aliyemfundisha kazi. Mambo yakienda sawa hakuna anayeuliza daftari ni la nani. Huulizwa siku msusi anapofungua fremu yake ng'ambo ya barabara na wateja wakamfuata. Hapo huambiwa ameiba wateja.

Shutuma hiyo ina kasoro tangu mwanzo. Mteja ni mtu mzima anayechagua mkono wa kumsuka. Hamilikiwi na saluni wala na msusi. Kinachoweza kugombewa ni kumbukumbu, na kumbukumbu nayo ina pande zake. Kuna karatasi, ambayo ni ya aliyeinunua. Kuna kazi ya kuandika na kutunza, ambayo humpa mtu sababu halali ya kuitumia. Kisha kuna habari zenyewe, yaani jina, namba, ngozi ya kichwa iliyoungua mwaka jana, na hizo zinamhusu mteja kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote. Ugomvi mwingi wa saluni huishia kwenye karatasi na kazi, na mteja husahauliwa kabisa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haizungumzii umiliki wa daftari. Inamtaja mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa zikusanywe kwa nini na kwa njia gani, na mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba ya mkusanyaji. Anayezungumziwa katika taarifa hizo ni mhusika, na haki nyingi ni zake. Taarifa binafsi zinaweza kuwa katika umbo lolote, kwa hiyo kaunta buku ya mezani haiko nje ya sheria kwa kuwa tu imeandikwa kwa kalamu.

Ukiyapima mazingira ya saluni kwa maneno hayo, mengi hunyooka. Msusi anayekodi kiti, akawasiliana na wateja kwa simu yake na kupanga mwenyewe nani aje lini, ndiye mkusanyaji. Mwenye chumba anapokea kodi tu, na haki yake ya kudai majina ya wateja haizidi ya mwenye nyumba kudai barua za mpangaji wake. Lakini saluni ikiwa na daftari la mapokezi, namba moja ya simu inayopigwa na wote, na bei zilizopangwa na mwenyewe, basi mkusanyaji ni mwenye saluni, na msusi anayeandika humo anafanya kwa niaba yake. Tabu iko katikati, kwa wale wa kugawana, ambapo msusi ana orodha yake na saluni ina yake, na mteja yuleyule yumo kote. Hakuna kinachozuia watu wawili kuwa na taarifa halali za mtu mmoja. Kila mmoja atawajibika kwa ile aliyonayo.

Jina la “kujiajiri” nalo halitoshi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, anamtegemea mtu mmoja kwa riziki yake, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Binti anayefungua saluni asubuhi kwa amri ya mama mwenye fremu na kutumia draya yake hawezi kugeuzwa mpangaji kwa kuitwa hivyo tu. Jambo hili lina faida na hasara kwake. Anapata haki za mfanyakazi, lakini daftari alilokuwa akiandika huwa la mwajiri.

Kuondoka na majina ya wateja wa mwajiri ni kosa la kale. Mwaka 1895 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua shauri la Robb dhidi ya Green. Green alikuwa meneja wa biashara ya Robb ya ndege wa kuwindwa na mayai yao. Kabla ya kuacha kazi alinakili majina na anwani za wateja kutoka kwenye kitabu cha oda, kisha akaanzisha biashara ya aina hiyohiyo. Mahakama ilisema amevunja uaminifu uliomo katika mkataba wa ajira hata kama haukuandikwa. Shauri hilo lina uzito Tanzania kwa sababu sheria zetu zinatambua kanuni za Uingereza zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo hakuna sheria ya nchi inayosema vingine na mazingira yanaruhusu. Kosa la Green lilikuwa kunakili kwa siri akiwa bado kazini. Msusi anayewajua wateja wake kwa sura na kukutana nao gulioni hajanakili chochote, na hakuna wa kumzuia kusema kwamba amehamia upande wa pili.

Yaliyomo ndani ya daftari

Kumbukumbu nzuri humfaa mteja kwanza. Dawa za kulainisha nywele nyingi zina sodiamu haidroksaidi, inayoweza kuunguza ngozi ikikaa kupita kiasi au ikipakwa juu ya kidonda. Rangi nyeusi za nywele, na piko inayochorwa mikononi, mara nyingi zina kemikali ya PPD, na aliyewahi kupata mzio nayo anaweza kuvimba vibaya zaidi akiguswa nayo tena. Msusi aliyeandika kwamba mteja fulani aliwashwa na rangi fulani amemkinga. Kwa sababu hiyo ushauri wa kutoandika chochote, ili kuepuka lawama, haumsaidii mtu.

Ila maneno hayohayo ni habari za afya, na sheria inazihesabu kuwa taarifa nyeti. Katika kundi hilo zimo pia taarifa za watoto na za miamala ya fedha, na kuzichakata kwa kawaida kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika. Kwa mtoto, anayeridhia ni mzazi au mlezi. Kwa msusi, mstari mmoja chini ya jina, mteja akaweka sahihi kwamba amekubali hali ya ngozi yake iandikwe kwa ajili ya usalama wake, ni mwanzo wa kutosha. Lisilo na kazi lisiandikwe. Mengi husemwa mtu akiwa ameinamisha kichwa: mimba iliyoharibika, ugomvi wa nyumbani, nywele zinazokatika tangu alipoanza dawa za hospitali. Hayo yakipokelewa kwa sikio yaishie hapo.

Deni ndilo linalovujisha zaidi. Daftari la madeni likiachwa wazi mezani, kila anayengoja zamu hulisoma. Wengine hubandika majina ukutani, au hurusha kwenye kundi la WhatsApp jina la asiyelipa. Msusi anadai haki yake na hasira yake inaeleweka, lakini kumdai mtu ana kwa ana au kumpeleka baraza la kata ni tofauti na kumtangaza.

Mahali ambapo watu wanajuana

Katika jiji kubwa kuficha jina kunaweza kutosha. Endagikot, ukisema “mke wa mwalimu fulani” umeshamtaja. Namba ya simu nayo hufika mbali: tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, kwa kawaida namba imefungwa kwenye kitambulisho cha taifa, na anayejaribu kutuma pesa huona jina lililosajiliwa. Kwa hiyo kumwingiza mteja kwenye kundi la WhatsApp la saluni bila kumuuliza ni kumpa kila mwanakundi namba yake. Ujumbe uliotumwa kwa mmoja mmoja hauna madhara hayo. Hata hivyo mteja ana haki ya kukataa matangazo ya biashara, na akikataa yakome.

Picha ndiyo tangazo kubwa la msusi, na katika hilo Kenya imeshatoa mfano. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake, na shule ya Roma ya Uthiru 4,550,000 kwa picha za wanafunzi wadogo. Kumsuka mtu hakukupi ruhusa ya kumpost. Mtindo wa twende kilioni uliopigwa picha kwa nyuma, uso usionekane, huonyesha ufundi uleule. Bado mwenye kichwa aulizwe.

Upande wa Tanzania msimamizi ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Mteja anaweza kuomba kuona yaliyoandikwa juu yake, kutaka yasahihishwe, kulalamika kwa Tume na kudai fidia. Mtu binafsi anayetoa taarifa za wengine kinyume cha sheria anaweza kutozwa kuanzia shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kufungwa hadi miaka 10, au vyote viwili. Sheria pia inamtaka anayekusanya taarifa asajiliwe na Tume, na yenyewe haikuweka kiwango cha chini cha mauzo. Kenya iliwaondolea usajili, isipokuwa katika shughuli chache zilizotajwa, wenye mauzo yasiyofika shilingi za Kenya milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Tanzania ingefanya vyema kufuata njia hiyo na kuisema kwa Kiswahili chepesi. Kumdai msusi mwenye kiti kimoja makaratasi yaleyale yanayodaiwa benki ni kumfukuza kwenye sheria ambayo angeweza kuitii.

Msusi na mwenye saluni wanaweza kuandika nusu ukurasa siku ya kwanza: daftari la mapokezi ni la nani, namba zilizo katika simu ya msusi ni za nani, na wakiachana wateja wataarifiwaje. Njia ya haki ni kumuuliza kila mteja anataka habari zake zibaki wapi. Saluni ikifungwa, kurasa zenye habari za wateja zichanwe na kuchomwa, ila hesabu za mauzo na matumizi zitunzwe kwa miaka 5 kwa ajili ya kodi, na ndiyo sababu inafaa kuziandika katika daftari la peke yake tangu mwanzo. Simu inayouzwa ifutwe kabisa. Inayopelekwa kwa fundi itolewe laini na kadi ya kumbukumbu, na picha za wateja zihamishwe kwanza.