Kamera ilivyomponza Leakey Homa Bay

MPIGAPICHA anayetumia kamera ya zamani na filamu ya nyeusi na nyeupe hufanya kazi kwa imani. Haoni alichonasa mpaka filamu isafishwe, na pengine wakati huo yuko mbali na mahali alipopigia. Hatari hiyo ilimfika mtaalamu mashuhuri wa mambo ya kale, Louis Leakey, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Homa Bay.

Mnamo Machi 1932, msafara wake ulipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam, kwenye Rasi ya Homa. Vipande vya mafuvu vilipatikana Kanjera, katika rasi iyo hiyo. Leakey alishikilia kwamba mifupa hiyo ilikuwa ya kale mno, na mwaka 1933 wanasayansi waliokutana Cambridge, Uingereza, waliikubali hoja yake.

Hata hivyo, umri wa mfupa hutegemea tabaka la udongo ulimotoka. Leakey alikuwa amepigilia vigingi vya chuma na kupiga picha ili mahali hapo pasipotee. Kamera ikawa na hitilafu, picha zikaharibika. Katika maonyesho ya London akalazimika kutumia picha iliyopigwa na mtu mwingine.

Mapema mwaka 1935, mwanajiolojia Percy Boswell alifika kujionea. Vigingi vilikuwa vimeng'olewa. Isitoshe, ilibainika kwamba picha iliyoonyeshwa pamoja na taya ilikuwa ya mahali pengine. Boswell alilieleza hilo Machi mwaka huo katika jarida la Nature, na sifa ya Leakey ikaingia doa.

Filamu hupakwa chumvi za fedha ambazo hubadilika zikipigwa na mwanga. Tundu dogo kama la sindano katika kamera kuukuu, au kifuniko kisichofunga sawasawa, hutosha kuunguza picha nzima. Ndiyo maana inafaa kamera ijaribiwe kwa filamu moja, nayo isafishwe kabla ya safari. Picha muhimu ipigwe pia kwa kamera ya pili, na kila inayopigwa iandikwe daftarini: mahali, tarehe na upande ilikoelekezwa lenzi.

Tahadhari hiyo inamhusu pia anayezuru Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, palipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji hufanana mno rangi zikiondolewa. Bila maandishi, si rahisi baadaye kutambua ni ukuta upi.

Rasi ya Homa yenyewe haikukosa ushahidi. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kupatikana huko, mahali paitwapo Nyayanga, kwa zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Kilichomponza Leakey ni kukosa picha ya kuaminika.