Jua, Theluji na Uhamaji wa Watu Mijini

Uhamaji wa kufuata hali ya hewa ni ule wa watu kuacha miji ya baridi na kwenda kuishi kwenye miji ya joto, au kinyume chake. Umechunguzwa sana Marekani, nchi ambamo mtu anaweza kutoka kwenye theluji hadi jangwani bila kubadili lugha wala pasipoti.

Mwaka 1950 Buffalo, mji ulio kando ya Ziwa Erie unaofukiwa na theluji kila mwaka, ulikuwa na watu 580,132. Phoenix, katika jangwa la Arizona, ilikuwa na watu wasiozidi 107,000. Sensa ya 2020 ilikuta Buffalo watu 278,349, na Phoenix 1,608,139. Ukizitazama tarakimu hizo peke yake utasema jua limeshinda.

Lakini theluji ya Buffalo haikuanza kuanguka 1950. Iliwaangukia pia mababu waliomiminika mjini humo nafaka ilipokuwa ikipakuliwa bandarini na chuma kikiyeyushwa mchana na usiku. Mwaka 1959 njia ya meli ya mto St. Lawrence ilifunguliwa, na shehena nyingi zikaacha kupitia Buffalo. Mwaka 1983 kiwanda kikubwa cha chuma cha Lackawanna, jirani yake, kilisimamisha sehemu kubwa ya kazi. Tena wengi walioondoka hawakwenda mbali: walihamia vitongoji vya pembeni, ambako theluji ni ile ile.

Jangwani nako jua halikufanya kazi peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga kambi za jeshi la anga Arizona, viwanda vya elektroniki vikafuata, ardhi ilikuwa tele na nyumba zikajengwa haraka kwa bei ya chini. Na kulikuwa na kiyoyozi. Mtambo huo ulibuniwa mwaka 1902 na Willis Carrier, mhandisi kijana aliyekuwa ameajiriwa huko huko Buffalo. Kiwanda kimoja cha uchapaji cha Brooklyn kilikuwa na shida: siku zenye unyevu karatasi zilivimba, rangi ya pili ikachapwa kando ya ile ya kwanza. Carrier alipitisha hewa kwenye mabomba ya maji baridi ili kuikausha. Dawa ya karatasi ndiyo iliyokuja kuwawezesha mamilioni kulala usiku wa Julai jangwani.

Hata hivyo, hali ya hewa haiwezi kutupwa kando. Mwaka 2007 mchumi Jordan Rappaport alionyesha kuwa Wamarekani walihamia penye majira ya baridi ya upole, na pia penye kiangazi kisicho na joto kali wala unyevu mwingi. Kiyoyozi na kuhama kwa wastaafu havitoshi kueleza jambo hilo. Kwa maoni yake, huenda kipato kilipoongezeka watu walianza kuithamini zaidi hali nzuri ya hewa. Barani Ulaya, Paul Cheshire na Stefano Magrini walikuta mvuto huo wa hali ya hewa ukifanya kazi ndani ya nchi moja, lakini si kuvuka mipaka.

Asiye na kipato hana nafasi ya kuchagua hewa. Kati ya 1910 na 1970 Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 waliacha Kusini mwa nchi kwenye joto wakaenda Chicago, Detroit na miji mingine ya baridi, wakikimbia ubaguzi na kutafuta ajira. Tangu miaka ya 1990 Wasomali, baadhi yao wakipitia kambi za Kenya, wamejenga Minnesota jamii kubwa kuliko zote za Kisomali nchini Marekani. Wastani wa joto la Januari mjini Minneapolis, jimboni humo, ni kama nyuzi 9 za Selsiasi chini ya sifuri. Wasomali hao walivutwa na kazi za viwanda vya nyama, kisha ndugu wakaitana. Buffalo yenyewe iliongezeka watu kati ya 2010 na 2020, kwa mara ya kwanza katika miaka 70, kwa mchango mkubwa wa wakimbizi na wahamiaji, wakiwemo Wakongo.

Kwa hiyo ajira na nyumba hutangulia, hewa hufuata. Na joto nalo lina gharama. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 43 au zaidi, na katika kaunti yake ya Maricopa watu 645 walikufa kwa sababu zinazohusiana na joto. Karibu nusu yao hawakuwa na makazi.