Ile Fonti ya "Kiafrika" Kumbe ni Mjerumani!

Wadau, ile fonti mnaijua. Herufi nene, kona kali, hazina vimkia, kama mtu kazichonga kwa panga. Nenda katengeneze lebo ya kahawa Bukoba au bango la loji Muleba, sema "nataka kitu cha Kiafrika", uone kama hujawekewa hiyo au ndugu yake, pembeni twiga na jua linazama. Inaitwa Neuland. Na si ya kwetu hata kidogo.

Ilitoka Ujerumani mwaka 1923. Aliyeitengeneza ni Rudolf Koch, fundi wa herufi wa kiwanda cha Klingspor, mjini Offenbach. Hakuchora kwanza. Alichonga moja kwa moja kwenye chuma, ndiyo maana herufi za saizi moja hazifanani sawasawa na za saizi nyingine. Ni herufi kubwa tupu, ndogo hakuna.

Sasa piga hesabu. Emin Pasha aliwawekea Wajerumani kituo Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1916 Waingereza wakawatoa. Miaka 7 baadaye Neuland ikazaliwa. Yaani bendera yao ilishushwa, halafu herufi yao ikaja kuitwa "asili yetu".

Ilifikaje huko? Kupitia Marekani. Wachapaji waliiona imekaa kama ya kuchongwa kwenye mbao, wakaitia kwenye matangazo, kisha kwenye majalada ya vitabu vya Afrika na vya Wamarekani Weusi. Taratibu ikawa ishara: ukiiona tu, unawaza pori na ngoma. Mwaka 1993 ikatokea kwenye nembo ya filamu ya Jurassic Park. Umeona mchezo? Herufi ileile, kwa dinosaria na kwa Mwafrika. Wote wa kale, wote wa porini.

Kona zenyewe hazina kosa. Fundi wa mabango mwenye rula, selotepu na brashi anazipenda, maana mstari ulionyooka haumsumbui kama duara. Shida ni kuvaa sura tuliyochorewa na wengine tukadhani ni kioo.

Na mistari ya kwetu ipo. Pale Katuruka, Bukoba Vijijini, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Vyungu vya enzi hizo, vinavyoitwa Urewe, vimechanjwa mistari sambamba na mingine iliyokatizana, kazi ya mkono uliotulia. Hakuna aliyeigeuza kuwa fonti inayouzwa na kahawa yetu.

Kahawa ambayo Wahaya walikuwa wanaitafuna kabla Mjerumani hajatia mguu Bukoba! Hiyo haihitaji cheti kutoka Offenbach.

Kwa hiyo dizaina wangu wa Muleba, mteja akija tena na "niwekee ya Kiafrika", usikimbilie kompyuta. Muulize kwanza: ya Afrika ipi?