Samoni wa mto Elwha: Mayai ni mengi, pa kulelewa ndipo haba

Juma lililopita nilikuwa barazani baada ya sala ya alasiri, nikawasimulia wenzangu habari ya mto mmoja wa Marekani ambao mabwawa yake mawili ya umeme yalibomolewa ili samaki wapate kupita. Mzee mmoja aliyevua tangu ujanani akanikatiza: "Mwanangu, samaki hutaga mayai maelfu. Wakiwa wachache, si watu wapunguze kuvua tu? Bwawa la umeme livunjwe kwa nini?"

Swali lake lilinikaa kichwani, kwa sababu hata serikali ya huko ilichukua miaka mingi kulijibu. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwako msomaji.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Samoni wa bahari ya Pasifiki huzaliwa mtoni, hushuka baharini kunenepa, kisha baada ya miaka kadhaa hurudi kwenye mto ule ule aliozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Mwenda kwao haogopi giza, walisema wahenga, na samoni hupanda maporomoko bila kula chochote mpaka afike. Hapo hutaga, kisha hufa.

Jike mmoja wa aina kubwa iitwayo Chinook hutaga mayai kama 3,000 hadi 5,000. Ili idadi isipungue, yatosha wawili tu kati ya watoto wote hao warudi kutaga. Kwa hivyo upungufu wa samoni hauanzi kwenye mayai. Tuangalie wale maelfu wengine hufia wapi, na sehemu kubwa ya jibu imo mtoni.

Nyumba tatu za mtoto

Nyumba ya kwanza ni kokoto. Jike huchimba shimo kwa mkia, hutaga, kisha hufukia. Mayai hukaa humo miezi, yakipumua kwa maji baridi yanayopita kati ya mawe. Msitu wa juu ukikatwa ovyo, mvua huleta tope, tope huziba nafasi zile, na mayai hukosa hewa.

Nyumba ya pili ni maji yaliyotulia: vijito vya kando, vidimbwi, na vivuli chini ya magogo yaliyoanguka. Aina iitwayo coho hukaa mtoni mwaka mzima au zaidi kabla ya kwenda baharini. Kila kifaranga hushika kieneo chake na kufukuza wenziwe. Wakati wa mafuriko ya majira ya baridi, asiyekuwa na pa kujificha husombwa. Hata mabwawa madogo yanayojengwa na biva, mnyama mgugunaji anayekata miti na kuziba vijito, ni malezi mazuri kwa coho.

Nyumba ya tatu ni mlango wa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Hapo kifaranga hula, hukua, na mwili wake hujigeuza uweze kuvumilia chumvi. Chinook wadogo hulitegemea sana eneo hili. Aina nyingine, kama samoni wa waridi, hushuka baharini mara tu anapotoka kwenye kokoto, kwa hivyo hana haja kubwa ya nyumba ya pili. Ndiyo maana mto mmoja ulioharibiwa waweza kuwafaa hawa na kuwaua wale.

Mzee wangu, hapa ndipo penye jibu. Mto una vyumba vyake. Vikijaa, watoto wa ziada hawana pa kuishi, hata mayai yakiongezwa maradufu. Na vyumba vikibomolewa, ukipunguza kuvua utapata wazazi wengi zaidi wanaotagia mahali pasipolea.

Hata wataalamu walikosea

Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1970, wasimamizi wa mito katika majimbo ya Washington na Oregon waliondoa magogo mtoni. Walidhani wanawafungulia samoni njia. Kumbe magogo yale ndiyo yaliyokuwa yakichimba vidimbwi, kushika kokoto na kuwapa vifaranga maficho. Baadaye serikali zile zile zilianza kulipia kazi ya kuyarudisha.

Kosa la pili lilikuwa kutegemea vituo vya kutotolea vifaranga kama badala ya mto. Vituo hivyo vimeokoa baadhi ya vizazi visipotee kabisa. Lakini kumwaga vifaranga kwenye mto usio na makazi ni kupeleka watoto shuleni kusikokuwa na madarasa.

Elwha

Mto Elwha uko jimbo la Washington. Bwawa la kwanza lilikamilika 1913, kilomita 8 tu kutoka baharini, bila njia ya samaki. La pili, Glines Canyon, lenye kimo cha mita 64, lilifuata 1927. Juu ya bwawa la kwanza kulibaki zaidi ya kilomita 110 za mto na vijito, sehemu kubwa ikiwa ndani ya hifadhi ya taifa, safi na tupu. Nyumba ilikuwepo, mlango ndio uliofungwa.

Chini ya mabwawa nako kuliharibika. Kokoto na mchanga vilizuiwa nyuma ya kuta, mto ukabaki na mawe makubwa yasiyofaa kutagia, na ufuo wa mlangoni ukaliwa na mawimbi. Walioumia zaidi ni watu wa Lower Elwha Klallam, ambao wazee wao walihifadhiwa haki ya kuvua katika mkataba wa 1855. Haki ilibaki kwenye karatasi, samaki hawapo.

Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuurejesha mto mwaka 1992. Kubomoa kulianza Septemba 2011 na kukamilika 2014. Miaka ya mwanzo maji yalijaa tope, na baadhi ya samaki ilibidi walelewe vituoni wasife. Kisha mchanga ukafika baharini, ukajenga upya ufuo na vidimbwi vya mlango wa mto, na vifaranga wakaingia. Samoni walipanda hadi mahali ambapo hawakuonekana kwa karibu miaka 100. Oktoba 2023, baada ya kujizuia kuvua tangu 2011, wenyeji wale walivua coho tena kwa idadi ndogo.

Kazi haijaisha. Sehemu kubwa ya Chinook wanaorudi bado hutoka vituoni, na bahari yenyewe ina joto na hatari zake. Kuvua kwa kiasi pia kulihitajika, mzee hakukosea hapo. Lakini wavuvi wangeacha nyavu miaka mia, na ukuta ule usingemfungulia samaki hata mmoja.

Samoni hayuko kwetu, ila kamba wetu hulelewa mikokoni, na changu wengi hukulia kwenye nyasi za bahari kabla ya kwenda mwambani. Samaki wakipungua, mvuvi ndiye wa kwanza kuulizwa juu ya nyavu zake. Ni haki aulizwe. Na aliyekata mikoko na aliyefukia mlango wa mto nao waitwe katika kikao hicho hicho.