Nakala Rudufu za Mafaili katika Matema na Kyela

Nakala rudufu ni nakala ya ziada ya faili la kompyuta, liwe picha, waraka, jedwali la hesabu au rekodi ya sauti, inayotunzwa mbali na faili la asili ili la asili likifutwa, likiharibika au likiibwa, liweze kurejeshwa, yaani kurudishwa kwenye kompyuta likiwa linafunguka na kusomeka kama lilivyokuwa. Picha zilizohamishwa kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski ya nje, kisha zikafutwa kwenye simu ili kupata nafasi, hazina nakala rudufu, kwa kuwa bado zimo mahali pamoja tu.

Matema ipo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya. Wilaya hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Mei, na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, inayoteremka kutoka milimani na kukatiza tambarare kabla ya kuingia ziwani, hufurika mara kwa mara katika miezi ya mwisho ya msimu huo. Kwa mwenye kompyuta nyumbani, maji ni hatari moja tu kati ya kadhaa: radi huunguza vifaa vilivyoachwa kwenye soketi, unyevu hula viunganishi, na umeme unapokatika ghafla kompyuta ya mezani, ambayo haina betri tofauti na ya mpakato, huzimika katikati ya kuandika faili na kuliacha nusu. Na vinavyotunzwa humo si vitu vya mchezo: hesabu za mauzo ya kakao na mchele, rekodi za kwaya, mitihani ya walimu, picha za harusi na za wazee waliokwisha kufariki.

Kanuni inayofuatwa sana duniani, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh katika kitabu chake cha mwaka 2005, hutaka pawe na nakala tatu za kila faili, zikiwa katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa wakazi wa ufukweni sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa sababu diski iliyo kabatini na kompyuta iliyo mezani huingiliwa na maji yaleyale usiku uleule, na hata nyumba ya jirani si mbali vya kutosha mto unapoacha njia yake. Diski iliyopelekwa kwa ndugu aliyeko Tukuyu, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa, imetoka kabisa katika hatari hiyo, nayo inaweza kubadilishwa na nyingine kila mtu wa familia anapopanda huko. Siku ya kimataifa ya nakala rudufu, inayoadhimishwa tarehe 31 Machi tangu mwaka 2011, huikuta Kyela mvua zikiwa zimekwisha kuchachamaa. Kwa wilaya hii mwezi unaofaa ni Oktoba, kabla mvua hazijaanza.

Hata taasisi kubwa hazikusalimika na hatari ya kuweka vitu mahali pamoja. Karatasi za Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa eneo hili, katika miaka ya 1930, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, na tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliunguza chumba cha kusomea cha Jagger cha maktaba hiyo, huku maji ya kuuzimia yakifika hadi kwenye ghala za chini zilizotunza nyaraka. Waraka uliokwisha kupigwa picha na kuwekwa katika kompyuta ya mahali pengine hautegemei tena usalama wa jengo moja, na hilo ni kweli kwa albamu ya familia ya Matema kama lilivyo kwa maktaba ya chuo.

Njia nyingine ya kuitoa nakala nje ya nyumba ni hifadhi ya mtandaoni, ambapo mafaili hutumwa kwa intaneti na kutunzwa katika kompyuta za kampuni. Ni njia nzuri kwa nyaraka ndogondogo, lakini kwa video ni nzito: kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, gigabaiti 20 huchukua takriban saa 22 mfululizo, bila kuhesabu gharama ya bando. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikadorora Tanzania nzima, hivyo aliyekuwa na nakala ya mtandaoni peke yake hakuweza kuitegemea. Isitoshe, huduma nyingi za aina hii husawazisha tu, maana yake faili likifutwa kwenye kompyuta hufutwa na kule, na baada ya muda wa kulirudisha kutoka kwenye pipa la taka kupita, halipatikani tena.

Chombo kinachotumika zaidi ni flashi, na ndicho kinachopoteza mafaili mengi, kwa kuwa hubebwa mfukoni na kuchomekwa katika kompyuta za stesheneri ambazo hupokea flashi za kila mtu. Kirusi kinachojulikana sana huko huficha mafaili yote na kuweka mahali pake aikoni zenye mshale mdogo. Mwenye flashi akidhani kazi yake imepotea, huiformati, na hapo ndipo inapopotea kweli, ilhali amri ya Windows iitwayo attrib ingeyafichua baada ya kirusi kuondolewa. Flashi zilizoformatiwa kwa mfumo wa FAT32 pia hukataa faili moja linalozidi gigabaiti 4, hata nafasi ikiwa tele, jambo linalowashangaza wanaonakili video za harusi. Mfumo wa exFAT hauna kikomo hicho, ila kubadili mfumo hufuta kila kilichomo.

Faili lililofutwa bila nakala huweza pengine kuokolewa, kwani kufuta huondoa tu jina lake katika orodha ya diski, na maudhui hubaki mpaka yaandikiwe juu. Kwa hiyo flashi au diski hiyo huachwa kutumika papo hapo, na kilichookolewa huhifadhiwa kwenye chombo kingine. Diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka hufuta maudhui yenyewe mapema, na matumaini huwa madogo.

Programu za kunakili zimo tayari ndani ya kompyuta, kama vile File History katika Windows tangu mwaka 2012 na Time Machine katika Mac tangu mwaka 2007, nazo hunakili yaliyobadilika tu na kutunza matoleo ya zamani. Diski yao isiachwe imechomekwa muda wote, maana kirusi cha kudai fidia, kinachofunga mafaili ili mwenyewe alipe, hufunga na nakala iliyo karibu. Kila baada ya miezi michache folda moja hurejeshwa kwenye kompyuta nyingine na mafaili yake kufunguliwa moja moja, kwa kuwa programu huweza kutangaza kwamba imemaliza huku faili halifunguki. Nywila ya diski iliyofungwa kwa siri huandikwa karatasini na kutunzwa pamoja na hati za shamba, ambako mtu wa pili katika familia anajua pa kuitafuta.