"Amekupiga tu?" Historia ya swali lililochelewa kufundishwa

Ukiingia kituo kikubwa cha polisi Tanzania leo, huna budi kuona kibao cha Dawati la Jinsia na Watoto. Kijana wa miaka 18 anaweza kudhani kibao hicho kimekuwepo siku zote. Hakikuwepo. Kabla ya madawati hayo, mwanamke aliyepigwa na mumewe alieleza shida yake kaunta, huku wanaomsikiliza ni pamoja na aliyeibiwa simu na aliyekuja kumwekea ndugu yake dhamana. Mara nyingi jibu lilikuwa fupi: hayo ni ya mume na mke, nendeni mkayamalize nyumbani. Akibahatika, aliandikiwa fomu ya polisi ya PF3 aende hospitali. Umeumia wapi, mama? Mkono, jicho, mgongo. Yaliyofuata baada ya kipigo, usiku uleule chumbani, hakuna aliyeyauliza.

Polisi walifundishwa namna ya kushughulikia ubakaji. Baadaye wakafundishwa pia kushughulikia kipigo cha nyumbani. Mambo hayo mawili yalipokutana chini ya paa moja, kwa mkono wa mtu yuleyule aliyetoa mahari, mafunzo yalikosa la kusema.

Ukimya huo una asili yake. Katika karne ya 17 jaji wa Uingereza, Matthew Hale, aliandika kwamba mume hawezi kuwa na hatia ya kumbaka mkewe, kwa kuwa mke alishakubali siku alipoolewa. Maneno yake yalichapishwa mwaka 1736, naye keshakufa, na mahakama zikayashika kama sheria kwa zaidi ya miaka 200. Wakoloni walipotuletea sheria zao, na hilo lilikuwemo. Kisha mwaka 1991 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikalitupilia mbali: mume anaweza kumbaka mkewe, na akifanya hivyo ni mhalifu kama mwingine.

Sisi tulifanya nini? Mwaka 1998, baada ya kampeni ndefu ya wanaharakati wakiwemo wanahabari wanawake wa TAMWA, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile wengi wanayoijua kwa jina la SOSPA. Ilikuwa sheria kali, yenye kifungo cha kuanzia miaka 30, na ilistahili kupongezwa. Lakini katika kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu iliacha mlango: anayebakwa awe si mke wa mtuhumiwa, au awe mke aliyetengana naye. Miaka saba baada ya mwenye kanuni kuitupa, sisi tukaiandika upya kwa mkono wetu. Kenya nayo ilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, muswada wa Njoki Ndung'u ulipita Bungeni ukiwa umepunguzwa makali, na kifungu cha 43 kikawaweka kando wanandoa halali.

Kwa hiyo ofisa aliyekaa darasani kujifunza sheria alijifunza pia kwamba baadhi ya maswali hayana kesi mwishoni. Akiambiwa na mke kwamba alipigwa kisha akalazimishwa, angeandika shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, akafunga jalada. Sikatai kwamba hilo lilimsaidia mlalamikaji kwa kiasi fulani. Mume anaweza kufungwa kwa kipigo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishasema wazi kuwa hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Lakini nusu ya tukio ilipotea kwenye maandishi, na kisichoandikwa hakina daktari, hakina dawa, hakina takwimu.

Waliouliza kwanza kwa utaratibu hawakuwa polisi wala madaktari wa zamu. Walikuwa watafiti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shirika la Afya Duniani liliendesha utafiti katika nchi kadhaa, na Tanzania ilikuwa mojawapo, chini ya wataalamu wa Muhimbili, akiwemo Dk. Jessie Mbwambo. Walioajiriwa kuhoji walikuwa wanawake, na kabla ya kubisha hodi kwa mtu walipewa mafunzo ya wiki tatu. Maswali juu ya chumbani yalikuwa matatu tu, na hakuna hata moja lililotaja kubakwa. Je, amewahi kukulazimisha kwa nguvu mkutane kimwili wakati hutaki? Je, umewahi kukubali kwa sababu ulihofia atakachokufanya? Je, amewahi kukulazimisha kufanya jambo la kimapenzi lililokudhalilisha? Akitokea mtu katikati ya mazungumzo, mhojaji alipaswa kubadili mada papo hapo, aanze kuuliza mambo mengine ya afya ya wanawake.

Majibu yalitoka mwaka 2005. Miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 23 Dar es Salaam na asilimia 31 Mbeya walisema mwenza aliwahi kuwafanyia ukatili wa kingono. Hao ndio waliokuwa wakipita kaunta na kuulizwa habari za mkono na jicho. Kwa maoni yangu, zile wiki tatu ndizo somo la kwanza la kweli la fani hii ya kumuuliza mke yanayompata chumbani hapa nchini, ingawa hazikutolewa kwa mtu mwenye sare wala koti jeupe. Zilithibitisha kwamba mama wa Mbeya akiulizwa vizuri, faraghani, na mtu asiyemhukumu, husema.

Tulikuwa na walimu wengine kabla ya hapo, bila shaka. Somo na kungwi wa pwani walimfundisha mwari mambo ya unyumba kabla hajafika kwa mume. Lakini wengi wao walifundisha kumridhisha mume. Namna ya kumkatalia ni nadra kusikika ikifundishwa.

Kwingineko fani hii ilikua kwa njia mbili zisizosalimiana. Marekani, kuanzia Memphis mwaka 1976, wauguzi walianza kufundishwa kumpima aliyebakwa, kukusanya ushahidi na kusimama mahakamani. Kando yao walikuwepo watetezi wa wanawake wanaopigwa, wakiwa na nyumba zao za hifadhi na semina zao. Muuguzi mmoja, Jacquelyn Campbell, katikati ya miaka ya 1980 alitunga orodha ya maswali ya kupima kama mwanamke yuko hatarini kuuawa na mwenzi wake, na akaweka humo swali la kama analazimishwa kingono. Hata hivyo kwa ujumla kila upande ulibaki na vitabu vyake. Mwaka 2013 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo mmoja unaoshika ukatili wa wenza na ukatili wa kingono kwa pamoja, likafuatisha kitabu cha watoa huduma mwaka uliofuata, kisha mtaala kamili wa kufundishia mwaka 2019.

Afrika Mashariki haikukaa kusubiri. Nairobi Women's Hospital ilifungua kituo chake cha waathirika wa ukatili wa kijinsia mwaka 2001. Rwanda iliharamisha ubakaji ndani ya ndoa kwa sheria ya 2008, na mwaka uliofuata ikafungua kituo cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, ambako daktari, mpelelezi na mshauri nasaha wanapatikana mahali pamoja. Zanzibar ikawa na kituo cha Mkono kwa Mkono Mnazi Mmoja, na Bara ikafuata. Upande wa polisi, mtandao wa askari wanawake ulioanzishwa 2007 ulisukuma madawati ya jinsia, na leo yamezidi 400. Wizara ya Afya nayo ilitoa mwongozo wake wa huduma kwa waathirika mwaka 2011.

Anachofundishwa mtoa huduma siku hizi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na ni kigumu zaidi. Hatakiwi kumhoji kila mgonjwa. Anatakiwa kushtuka anapomwona mama anayerudi kliniki tena na tena kwa UTI, mwenye maumivu ya nyonga yasiyo na sababu, mwenye mimba zinazofuatana asizozitaka. Kwanza amtoe mume chumbani, na hapo ndipo kazi ilipo, maana mume mwenye la kuficha ndiye asiyebanduka. Asimuulize mama kwa nini hakukimbia. Na akisikia kuwa alilazimishwa siku chache zilizopita, aangalie saa: dawa za kukinga VVU zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya siku 5. Virusi havitofautishi mume na mgeni.

Tatizo ni kwamba askari hupata uhamisho. Aliyefundishwa leo, mwakani yuko kituo kingine, kitengo cha usalama barabarani, na dawati linakaliwa na ambaye hakuona hata semina moja. Mafunzo ya siku chache hotelini kwa fedha za wafadhili hayawezi kuziba pengo hilo. Kinachoweza ni somo lenyewe kuwa sehemu ya mtaala na mtihani katika kila chuo cha polisi na cha uuguzi.

Na sheria ifuate. Kenya ilisogea nusu hatua mwaka 2015 ilipoutaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa katika sheria ya kukinga familia dhidi ya ukatili, sheria inayompa mke amri ya ulinzi bila kumfanya mume mbakaji. Tanzania haijafika hata hapo. Wabunge wanaotusihi kila Novemba tupige vita ukatili wa kijinsia wana kifungu cha 130 mezani kwao, na kukirekebisha hakuhitaji mfadhili wala semina.