Silaha za filamu ya 'Aliens' na chimbuko lake katika vita vya kweli

MIONGONI mwa filamu za kivita zilizobuniwa juu ya msingi wa sayansi, ni chache mno ambazo silaha zake zimechunguzwa na kuigwa kama zile za 'Aliens', iliyoanza kuonyeshwa Marekani mnamo Julai 18, 1986.

Filamu hiyo, iliyoandikwa na kuelekezwa na James Cameron, inasimulia kisa cha kikosi cha wanajeshi kinachotumwa katika sayari ya mbali ambako walowezi wametoweka. Wanajeshi hao wanaandamana na Ellen Ripley, mhusika aliyeigizwa na Sigourney Weaver, ambaye peke yake ndiye aliyewahi kukutana na viumbe wanaoshukiwa kuangamiza makazi hayo.

Cameron amewahi kueleza kwamba alikuwa na Vita vya Vietnam akilini: jeshi lenye zana za kisasa kupindukia linakwenda nchi lisiyoijua na kushindwa na adui asiyekuwa na zana hizo. Ni kwa sababu hiyo silaha za filamu hii zinastahili kuelezwa moja baada ya nyingine, kwani hazikuwekwa pale kuwa mapambo. Ndizo zinazobeba hoja ya kisa chenyewe.

Bunduki ya M41A

Silaha kuu ya kila mwanajeshi ni bunduki ya rashasha inayoitwa M41A. Katika ulimwengu wa filamu, inafyatua risasi za milimita 10 zisizo na maganda, ambazo ncha zake hulipuka zinapomfikia adui. Chini ya mtutu wake kuna kifaa cha kurushia guruneti za milimita 30, na ubavuni kuna kioo kidogo kinachoonyesha kwa tarakimu nyekundu idadi ya risasi zilizosalia.

Hata hivyo, ndani ya gamba hilo la kijani kibichi mlikuwa na silaha kongwe. Mafundi wa kampuni ya Bapty ya London, ambayo hukodisha silaha kwa watengenezaji filamu, walichukua bunduki ya Thompson M1A1 iliyotumiwa na wanajeshi wa Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Chini yake wakaambatisha kipande cha bunduki ya marisau aina ya Remington 870, kilichozungushiwa sehemu za bunduki nyingine ya marisau, SPAS-12 kutoka Italia. Baruti tupu zilipofyatuliwa, mlipuko na msukumo ulioonekana mikononi mwa waigizaji ulikuwa wa kweli.

Wazo la risasi isiyo na ganda halikuwa ndoto tupu. Wakati filamu hiyo ikitengenezwa, kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani Magharibi ilikuwa ikiunda bunduki ya G11, iliyotumia risasi za aina hiyo zenye kipenyo cha milimita 4.73. Faida yake ilikuwa wepesi, kwa kuwa mwanajeshi angeweza kubeba risasi nyingi zaidi bila kuongeza uzito.

Tatizo lilikuwa joto. Ganda la shaba linaporuka nje ya bunduki huondoka na sehemu ya joto la mlipuko. Lisipokuwepo, joto hilo hubaki ndani na linaweza kulipua risasi inayofuata kabla ya kifyatulio kuguswa. Wahandisi walipiga hatua kubwa katika kulitatua, lakini mradi ukasitishwa baada ya Vita Baridi kumalizika, na bunduki hiyo haikupata kuwa silaha ya kawaida ya jeshi.

Kuhusu ncha zinazolipuka, sheria ilitangulia filamu kwa zaidi ya karne moja. Azimio la St Petersburg la mwaka wa 1868 lilikataza matumizi ya risasi za kulipuka zenye uzito usiofika gramu 400, kwa hoja kwamba humzidishia majeruhi mateso pasipo faida yoyote ya kijeshi. Katika filamu, shabaha ni viumbe wala si binadamu, lakini kikosi kinaondoka kituoni kikiwa kimezibeba risasi hizo kama silaha za kila siku.

Bombomu inayojilenga

Wanajeshi wawili, Vasquez na Drake, wanabeba bombomu nzito zinazoitwa M56. Silaha hizo humtambua adui kwa joto la mwili na kujielekeza kwake, huku mpiganaji akiutazama uwanja wa vita kupitia kioo kilichofungwa mbele ya jicho.

Kiini chake kilikuwa bombomu ya MG42, iliyoanza kutumiwa na Ujerumani mwaka wa 1942 na iliyosifika kwa kufyatua risasi zipatazo 1,200 kwa dakika. Kwa kuwa silaha hiyo ni nzito, ilining'inizwa kwenye mkono wa chuma wenye springi uliofungwa kiunoni mwa mwigizaji. Huo ulikuwa mkono wa Steadicam, chombo ambacho wapigapicha wa filamu hukitumia ili kamera isitikisike wanapotembea. Vishikio vyake vilipambwa kwa vipuri vya pikipiki.

Moto, bastola na gari la deraya

Kikosi hicho pia kina bunduki za kurusha moto. Silaha za namna hiyo zilitumika sana katika vita viwili vya dunia, na Wamarekani wakazitumia tena kule Vietnam kabla ya jeshi lao kuziondoa katika orodha ya zana zake mnamo 1978. Miaka miwili baadaye, itifaki ya kimataifa ya mwaka wa 1980 iliwekea mipaka silaha za kuchoma, hasa pale walipo raia.

Luteni Gorman anabeba bastola ya Heckler & Koch VP70, miongoni mwa bastola za kwanza kuundwa kwa fremu ya plastiki. Koplo Hicks naye ana bunduki kuukuu ya marisau aina ya Ithaca 37 ambayo ameihifadhi kwa ajili ya mapambano ya karibu. Katika karne ya makoloni ya angani, silaha hiyo iliyoanza kuundwa mwaka wa 1937 ni mojawapo ya zile zinazofanya kazi barabara.

Gari la deraya linalowabeba wanajeshi lilitokana na trekta la kuvutia ndege katika uwanja wa Heathrow. Lilikuwa zito kiasi kwamba mafundi walilazimika kulipunguzia uzito, na hata hivyo sakafu ya kituo cha umeme kilichofungwa cha Acton, London, ambako sehemu ya filamu ilipigiwa picha, ikabidi iimarishwe ili isiporomoke.

Mbona zikashindwa?

Ukiziorodhesha silaha hizo, utadhani hakuna kiumbe kingesalimika mbele yake. Kinyume chake, kikosi kinavunjwa katika pambano la kwanza.

Sababu ya kwanza ni mahali. Viumbe hao wamejenga kiota chini ya mtambo mkubwa wa nyuklia. Risasi zinazolipuka zikitoboa mfumo wa kuupoza, mtambo wote utalipuka. Makamanda wanatambua hatari hiyo wanajeshi wakiwa tayari ndani, na sajenti anaamriwa kukusanya risasi zote. Wanabaki na bunduki za moto na silaha ndogo, isipokuwa Vasquez na Drake wanaokaidi amri kwa siri.

Sababu ya pili ni adui mwenyewe. Damu ya viumbe hao ni asidi inayoyeyusha chuma, hivyo kumpiga kiumbe risasi akiwa karibu ni sawa na kujimwagia asidi. Drake anafariki kwa njia hiyo, kwa damu ya kiumbe aliyepigwa risasi na mwenzake aliyetaka kumwokoa.

Sababu ya tatu ni uongozi. Ripley aliwaonya, lakini maneno yake yalipokelewa kwa mzaha. Luteni anayeongoza anafuatilia vita kwenye skrini akiwa ndani ya gari la deraya, na picha zinapokatika anabaki ameduwaa bila amri ya kutoa.

Bunduki zisizo na askari

Silaha iliyotabiri mengi zaidi haikuonekana katika sinema mwaka wa 1986. Matukio yenye bunduki nne za ulinzi, zinazosimama kwenye miguu mitatu na kufyatua zenyewe kila kitu kinachosogea, yalikatwa na kurejeshwa katika toleo refu lililotolewa baadaye. Ndani yake, manusura wanasikiliza milio na kutazama tarakimu za risasi zikiteremka. Bunduki hizo haziulizi anayekuja ni nani.

Wakati huo, meli za kivita za Marekani zilikuwa tayari na mfumo wa Phalanx, uliowekwa kuanzia 1980, ambao unaweza kugundua na kutungua makombora bila mkono wa binadamu. Mnamo 2006, Korea Kusini ilizindua bunduki ya ulinzi ya SGR-A1 iliyokusudiwa kwa mpaka wake na Korea Kaskazini.

Suala hilo limekuwa likijadiliwa rasmi na mataifa jijini Geneva tangu 2014. Desemba 2023, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake la kwanza kuhusu silaha zinazojiamulia, kwa kura 152 dhidi ya nne, huku nchi 11 zikijizuia. Katibu Mkuu Antonio Guterres alikuwa amehimiza mkataba wenye nguvu za kisheria upatikane kufikia 2026. Kinachobishaniwa ni iwapo mashine iruhusiwe kuamua, pasipo binadamu, ni nani afe.

'Aliens' ilishinda tuzo mbili za Oscar, moja ya athari maalumu za picha na nyingine ya uhariri wa sauti za matukio, naye Weaver akateuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Katika pambano la mwisho, mhusika wake hatumii bunduki yoyote kati ya hizi. Anamkabili malkia wa viumbe hao akiwa ndani ya mashine ya kupakia mizigo, aliyoizoea alipokuwa mfanyakazi wa kawaida gatini.